Kabibi Anahamia Butembo

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Maana yake haihitaji mwalimu: anayemtegea mwenziwe shimo, mara nyingi ndiye atakayetumbukia humo, tena kichwa kikitangulia. Wengi wetu tunaijua methali hii tangu darasani na bado tunashika jembe. Olive Umutesi naye aliijua.

Olive alikuwa sauti ya Zawi katika katuni ya watoto iliyorekodiwa Goma, mtaa wa Katoyi, ndani ya chumba kilichotundikwa magodoro kuta zote ili kelele za pikipiki zisiingie. Mvua ikinyesha juu ya mabati, kazi ilisimama. Katuni hiyo ilihusu marafiki wawili: Zawi, ambaye mama yake husafiri kibiashara huku baba akipika na kufua, na jirani yake Kabibi, anayelelewa na baba wa kambo. Kila Jumamosi televisheni ya mjini ilipoionyesha, barabara zilibaki bila mtoto hata mmoja.

Sauti ya Kabibi ilikuwa ya Kahambu, na Olive mwenyewe ndiye aliyemleta. Wawili hao walikuwa chanda na pete tangu shule ya msingi. Papa Gauthier, mwandishi na mkuu wa kazi, alipotafuta msichana wa kumwigiza Kabibi, Olive alimtaja rafiki yake bila kusita. Hakujua kwamba kicheko cha Kahambu, kile kinachoanza kidogo kidogo kisha kikalipuka kama bisi kwenye sufuria, kingewanyakua watoto wa mji mzima.

Basi wivu ukaanza. Wakipita njiani pamoja, watoto walimkimbilia Kahambu wakimwomba acheke, na Olive akabaki ameshika mfuko wa mwenziwe kama mtumishi. Siku moja kitoto kimoja kilimtazama na kumuuliza yeye ni nani. Kahambu akajibu kwa upole kwamba huyu ndiye Zawi mwenyewe. Kitoto kikasema, "Aa," kisha kikamgeukia Kahambu tena. Ile "aa" ilimchoma Olive kuliko tusi. Tangu hapo akawa anamhesabia rafiki yake kila kitu: sentensi alizoandikiwa, sifa za Papa Gauthier, hata kikombe cha chai alichopewa kwanza. Kibaya zaidi, wema wa Kahambu haukumponya. Kadiri alivyopendwa naye, ndivyo alivyozidi kumwonea kijicho.

Hila ikamjia. Alimvizia Papa Gauthier mlangoni, akamnong'oneza.

"Papa, Kahambu anaolewa. Watu ya Butembo walishafika kwao. Lakini usimuulize. Unajua mutoto mwanamuke hasemi mambo ya posa kama wazee hawajamaliza."

Papa Gauthier alikuwa mtu wa adabu za zamani. Lau angeuliza, uongo ungekufa palepale. Lakini kumdodosa binti habari za posa kabla wazee hawajatangaza, kwake kulikuwa ni kuuvunjia heshima ukoo mzima. Basi akaketi, akaandika kipindi cha kuagana: baba wa kambo anapata kazi mpya, na Kabibi anahamia Butembo, mji wa mbali.

Kahambu alipoyasoma maneno yake alidhani anaondolewa kwa kosa asilolijua. Naye, kwa adabu ileile, hakuuliza. Alirekodi kwaheri ya Kabibi machozi yakimtoka kweli kweli. Olive, aliyesimama naye kwenye kipaza sauti kimoja, alimkumbatia na kumfuta uso. Moyoni alikuwa anasherehekea.

Kipindi kikaonyeshwa, watoto wakalia. Papa Gauthier, akiamini kwamba sasa wazee wamekwisha kukubaliana, aliona haifai mwenzao aolewe bila wao kufika nyumbani kwa wazazi wake kupongeza. Akanunua kreti za soda, akawakusanya wafanyakazi wote. Olive alisingizia kuumwa kichwa. Akaambiwa kwamba rafiki wa bibi arusi hawezi kukosa, na kitenge cha zawadi akakabidhiwa yeye akibebe.

Baba yake Kahambu, muzee Grégoire, aliwakaribisha, akawakalisha, akazisikiliza pongezi zao mpaka mwisho. Kisha akauliza taratibu, "Ndoa gani, Papa? Hapa hakuna mutu ameshafika kumuomba huyu mutoto. Nani alikuambia?"

Papa Gauthier alimgeukia Olive, na wengine wote wakamgeukia. Olive aliinamisha uso, akatamani ardhi immeze na kitenge chake. 

"Kama ulikuwa unaumia, si ungeniambia?" Kahambu alimwambia. "Ile kazi ningekuachia."

Matusi Olive angeyajibu, maneno hayo hakuyaweza.

Kahambu alirudishiwa kazi yake palepale. Lakini kipindi kilikwisha kuonekana, na watoto hawasahau: Kabibi amehamia Butembo. Kwa hiyo Papa Gauthier akakata shauri kwamba hadithi imfuate hukohuko, kwenye nyumba mpya, shule mpya na rafiki mpya, ambaye sauti yake ilitafutwa kwingine. Olive alikwenda kumsihi amhamishe Zawi pia.

"Zawi ana baba na mama hapa Goma," Papa Gauthier alimjibu. "Atahama akifuata nini? Ni wewe ulimusafirisha rafiki yake."

Siku hizi Kahambu akikutana na Olive humsalimia vizuri, kisha hushika njia yake. Na Jumamosi Olive huketi nyumbani kati ya wadogo zake mbele ya televisheni. Kabibi anacheka, wadogo zake wanacheka hadi wanagaagaa, na hakuna hata mmoja anayeuliza Zawi yuko wapi. Shimo alilichimba kwa mikono yake, akalipima kwa kimo cha rafiki yake, na aliyemo ndani ni yeye: mchimba kisima huingia mwenyewe.