Miguu ya Dona Zefinha

Mwamba ngoma huvutia kwake. Methali hii hutumiwa sana kuwasuta wachoyo, kana kwamba kuvutia kwako ni dhambi. Lakini mwenye kuishika ngozi ndiye anayeamua ngoma italia vipi, na aliyeiachia asilalamike mdundo ukimkataa. Railda Bonfim alilijua hilo baada ya kuaibishwa mbele ya watu wake mwenyewe, na heri aibu ile kuliko sifa alizokuwa akizikimbilia.

Railda alikuwa mwanamke mweusi wa pwani ya Bahia, nchini Brazili, mzaliwa wa kijiji cha Porto da Ostra, ambako wanawake huingia kwenye matope ya mikoko maji yanapokupwa na kurudi na kombe na kaa. Alikuwa ameanzisha kampuni yake ya filamu za maisha halisi katika chumba cha nyuma cha kibanda cha mama yake cha bhajia za kunde. Kijiji kimoja kilipata kisima kwa sababu ya filamu yake, kingine kikapata mwalimu. Kwa miaka tisa alikuwa na desturi moja ambayo hakuivunja. Filamu ikikamilika, kabla hajaiona mgeni yeyote, alitundika shuka jeupe uani kwa wale aliowapiga picha, wakaitazama, na kila mmoja alikuwa na haki ya kusema "toa" au "weka."

Mwaka wa kumi aliivunja. Kampuni moja ya kufuga kamba ilikuwa imekwishafyeka nusu ya mikoko ya kijiji na kuchimba mabwawa. Sasa iliomba kibali cha kufyeka nusu iliyobaki, na baraza la mji lilipanga kukaa Ijumaa kuwasikiliza wananchi. Kampuni hiyohiyo ikajitolea kudhamini filamu kuhusu wanawake wa mikoko, ionyeshwe siku hiyo barazani. Railda alikubali, akijiambia kwamba ukila na kipofu usimshike mkono: angetumia kamera yao mpya, kisha aseme yake. Kumbe kipofu huyo alikuwa na macho manne.

Wakili wa kampuni, Valdomiro Pessanha, ambaye kila mtu alimwita mheshimiwa, aliitaka filamu kabla shuka halijatundikwa. Aliitazama ofisini kwake, akaisimamisha pale Dona Zefinha, mmoja wa wazee wa wanawake wale, alipopandisha sketi kuonyesha miguu yake, iliyojaa vidonda tangu maji ya mabwawa yaanze kumwagwa mikokoni.

"Hii toa," alisema. "Na hao kaa waliokufa, toa. Watu hawapendi kuwaona weusi wakilia, binti. Wanapenda kuwaona wakicheza. Nyie mmezaliwa na furaha, ni hazina kabisa! Kwa nini uiharibu?"

Damu ilimchemka Railda. Alitamani kummwagia kahawa usoni, na laiti angemmwagia. Badala yake alisema, "Nitapunguza." Akapunguza dakika kumi na moja, huku akijidanganya kwamba zilizobaki zinatosha.

Jumatano jioni alitundika shuka uani kwa Dona Zefinha, aliyekuwa mama yake wa ubatizo. Zefinha alikaa kwenye kigoda akiwamba ngoma ya sikukuu, ngozi ya mbuzi iliyolowekwa ikiwa mapajani. Mwanzoni wanawake walishangilia kujiona. Kisha vicheko vikapungua, kimoja baada ya kingine, mpaka zikabaki sauti za kwenye shuka peke yake.

"Mbona nacheka tu?" Zefinha aliuliza. "Mwanzo mpaka mwisho nacheka kama ninayetekenywa. Miguu yangu iko wapi?"

"Mama, tulilazimika kupunguza kidogo..."

"Tulilazimika? Wewe na nani?"

Nenzinha, jirani aliyesifika kwa vijembe, akadakia, "Hata kaa waliokufa hawamo! Labda hawakutia sahihi ile karatasi ya ruhusa." Hakuna aliyecheka.

"Nilikupandishia sketi yangu, mwanangu," Zefinha alisema kwa hasira. "Padri sijamwonyesha miguu hii. Nilikuonyesha wewe kwa kuwa nilikubeba mimi siku ya ubatizo wako. Leo unakwenda kumpelekea yule mwizi meno yangu, apate kusema Zefinha anafurahi?"

"Mama, kamera ni yao."

Zefinha aliikamata ngozi kwa mikono miwili, akaivuta mpaka mishipa ikamtoka. "Haya, tazama! Navutia wapi? Kwa jirani? Navutia kifuani kwangu! Na yule mheshimiwa wako anavutia kwake, hata simlaumu sana. Nakulaumu wewe. Tulikushikisha ngozi yetu, ukaenda kumkabidhi yeye."

Railda alimkasirikia mama yule kwa kumfedhehesha mbele za watu. Akamkasirikia Valdomiro. Hasira ilipokosa pengine pa kwenda, ilimrudia mwenyewe, na hapo ndipo ilipochoma. Alisimama, akazima mashine ya kuonyeshea picha, akauliza jambo ambalo alipaswa kuuliza kwanza: "Niweke nini?"

"Miguu!" walijibu kwa pamoja. "Kaa! Lile bomba lao la maji machafu!"

Alhamisi kutwa nzima wanawake sita walijazana kwenye chumba cha nyuma, wakila bhajia na kubishana naye kila picha. Dakika zote kumi na moja zilirudi. Kicheko cha Zefinha nacho kilibaki, maana yeye mwenyewe alisema, "Weka. Nacheka pia. Ila kisiwe kicheko peke yake."

Ijumaa Valdomiro, asijue kwamba dakika zile zimerudi, ndiye aliyeitambulisha filamu barazani, akisifu furaha ya "wanawake wetu." Akaketi safu ya mbele na wageni wake, miguu ameikunja nne. Vikaja vicheko, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha ikaja miguu ya Zefinha, mikubwa kama ukuta.

"Zima hiyo!" alipiga kelele.

Railda alisimama mbele ya mashine. "Sizimi."

"Umetusaliti! Filamu hii inavuta upande mmoja!"

Nyuma ya ukumbi Dona Zefinha aliinuka. Siku hiyo alikuwa amevaa sketi fupi, na vidonda vyake vilionekana na kila mtu. "Upande huu una miguu, mheshimiwa," alisema. "Upande wako una nini?"

Ukumbi ulilipuka. Mwenyekiti aligonga meza mpaka akachoka, na jioni ile baraza lilikikataa kibali. Mikoko ikabaki.

Kampuni iliichukua kamera yake palepale mlangoni. Valdomiro alimwambia Railda kwamba hatapata mdhamini mwingine pwani yote ile, na huenda alisema kweli. Railda alirudi kwenye kamera yake kuukuu, yenye mkanda ulioungwa kwa kitambaa. Siku ya sikukuu alikwenda nayo uani kwa Zefinha. Ngoma ilikuwa imekwishakauka. Zefinha, bado amenuna, akamsukumia ngoma ile magotini.

"Piga," alisema. "Na usimpe mtu tena akushikie."

Railda akapiga, na wanawake wa matope wakacheza kwa mdundo wao wenyewe, kwa maana mwamba ngoma huvutia kwake.