Chupa ya Lakiri ya Marehemu

Kwanza nitubu mbele yenu, ndipo nihadithie. Niliwahi kuchukua randa ya watu bila kuomba, nikarandia mlango wangu wa uani, nikairudisha kimya kimya. Mwenyezi Mungu aliniona. Sasa nanyi mmejua.

Hapo zamani, zamani ambayo baadhi yenu mlikuwepo, Pangani palikuwa na fundi wa udi, Mzee Shebwana. Nasema udi wa kupigwa, wenye nyuzi, si wa kufukiza. Alikufa kabla hajaupaka udi wake wa mwisho. Aliacha udi huo, mti mtupu. Aliacha chupa ya lakiri, ile ya kung'arishia mbao, aliyoiyeyusha kwa spiriti kwa mkono wake. Na aliacha sanduku la randa na patasi. Akausia: "Atakayeumaliza udi huu kwa uaminifu, sanduku ni lake."

Mjane wake, Bi Mgeni, akakaa na chupa miaka mitatu. Kila Alhamisi aliipangusa vumbi. Mwaka wa nne akamwita Fundi Badi.

"Mwanangu, nipakie udi wa marehemu. Lakini kwa lakiri yake hii hii. Sitaki nyingine."

Sasa lakiri, ikiwa bado magamba makavu, hukaa miaka bila kuharibika. Ikishayeyushwa na ikazidi mwaka, haikauki tena. Inang'aa tu na kunata. Badi alilijua hilo. Alidondosha tone kwenye kioo baada ya adhuhuri. Alasiri linanata. Kesho yake linanata. Akasema, "Mimi nimeagizwa." Akapaka.

Udi ukang'aa, na haukukauka. Wiki ya kwanza ukashika nzi. Wiki ya pili ukashika unyoya wa kuku. Wiki ya tatu akaja mpigaji wa chama cha taarabu kuujaribu, ukamganda kifuani, ikabidi avuliwe kanzu.

"Badi, umefanya nini?"

"Ulivyosema, mama."

Bi Mgeni akamwita Fundi Chande. Huyu alifunzwa kazi na marehemu, na sanduku lile alilibeba kichwani miaka saba akilitamani.

"Nipakie kwa lakiri yake hii hii. Sitaki nyingine. Yule Badi hana mkono tu."

Chande akadondosha tone kwenye kioo. Likanata. Alitaka kusema. Akamwona mama alivyoishika ile chupa kwa mikono miwili, akaipokea pamoja na udi, akaaga. Kwake akaimwaga lakiri chini ya mpapai, akayeyusha magamba mapya, akajaza chupa mpaka pale pale. Akausafisha udi kwa spiriti, akaupaka kwa kitambaa mara kumi na mbili. Ukakauka.

Bi Mgeni akaupapasa. "Huu ndio mkono wake," akasema, akalia. "Chukua sanduku, mwanangu."

Chande akajitwika sanduku. Miaka saba halikuwahi kuwa zito vile. Alipofika mlangoni akalitua.

"Mama, lakiri ya mzee niliimwaga. Hiyo ni yangu."

Badi alikuwa barazani, amekuja kuona. Akaingia bila hodi.

"Basi sanduku ni langu! Mimi nilipaka nilichopewa. Sikumdanganya mtu."

"Ulijua haitakauka," akasema Chande.

"Nilijua. Niliulizwa?"

"Ukamwachia mama mtego wa nzi!"

"Na wewe umemliza mama kwa lakiri ya dukani, bwana we!"

Bi Mgeni akajifuta uso kwa ncha ya mtandio.

"Nyamazeni. Marehemu aliniambia kwa kinywa chake: hii ikizidi mwaka, mwaga. Nilijua kabla yenu wote. Sikuweza. Hiyo chupa niliitunza mimi, na huyo mume alikuwa wangu. Nani amekuwa mwaminifu kwake kunishinda? Sanduku halitoki humu."

Wakabishana mpaka adhana ya magharibi. Walikubaliana jambo moja tu: sanduku likae kwa jirani, mtu wa swala tano, asiyejua ufundi, mpaka watu waamue.

Jirani huyo ni mimi. Sanduku liko chini ya kitanda changu, na ile randa yangu ya dhambi ilitoka humo.

Je, nani alistahili? Badi, Chande, au Bi Mgeni? Nawaombeni mnitajie jina moja tu, nijue mlango wa kubisha nikaombe radhi.