Maboksi Dirishani kwa Bi Kulthumu

Bi Kulthumu wa Tanga aliuza seti za vipande vya plastiki ambavyo watoto walijengea misikiti na taa za Idi. Mwenye nyumba wake, Bwana Badawi, alikuwa na tabia ya kuzihodhi kila mara kiwanda kilipokaribia kuacha kutengeneza aina fulani, kisha kuziuza kwa bei ya kuruka.

"Safari hii niambie mapema zitakoma lini," alimwambia mbele ya majirani. "La sivyo, hama."

"Na nikikwambia?"

"Utakaa humu mpaka uzeeke. Hawa mashahidi."

"Basi tazama dirisha langu. Siku nikiyashusha maboksi yale ya seti, ujue ndio mwisho."

Badawi alipita kila asubuhi, akayaona maboksi, akaenda zake akitabasamu. Mkesha wa Idi alimkuta Bi Kulthumu anayashusha. Akayarukia.

"Yote yangu!"

Alifungua la kwanza, tupu. La pili, tupu.

"Seti ziko wapi?"

"Kwa watoto, baba. Kiwanda kimeacha kuzitengeneza, na ya mwisho nimeiuza sasa hivi. Nimekwambia, sikukwambia?"

Majirani waliangua kicheko.

"Haya, mwenye nyumba wangu," akasema Bi Kulthumu, "humu nitakaa mpaka nizeeke; paa linalovuja utaliziba lini?"