Wali wa Kukaanga Hupikwa Jana

"Wali wa kukaanga hupikwa jana." Mama yenu kawaambia hivyo asubuhi, nanyi mmenikimbilia mkidhani kachanganyikiwa. Hajachanganyikiwa. Kaeni, na wewe Shaweji weka simu hiyo chini. Methali hii ilianza hivi, hapa hapa Masasi, na mimi nilikuwa jirani.

Palikuwa na mwanamke aitwaye Somoe. Mumewe alikuwa dereva wa lori, siku nyingi yuko safarini. Baba mkwe wake, Mzee Mkwinda, alikuwa ametoka hospitali baada ya homa iliyomkausha hata pete ikawa inamvuka kidoleni. Dawa zake hazikutaka tumbo tupu. Akizimeza bila kula, anazitapika. Na kula hakutaka. Uji hataki, ndizi hataki, mchuzi wa kuku anaugeuzia uso. Alitamani kitu kimoja tu: wali wa kukaanga wa Wachina. Zamani alikuwa mlinzi katika kambi ya Wachina waliojenga barabara, na mpishi wao alikuwa akimpakulia. Hoteli ya Kichina ya karibu ilikuwa Mtwara mjini, na huo ukaribu ni wa kusema tu.

Basi Somoe akaamua kumpikia mwenyewe. Akanunua sosi ya soya, tangawizi, karoti na majani ya vitunguu. Kwa kuwa mlaji ni baba mkwe, akachagua mchele mzuri, akaupika papo hapo, akautia kwenye karai ungali unafuka mvuke. Wali ukang'ang'ania mwiko, ukageuka bokoboko jeusi. Mzee akaonja kijiko kimoja.

"Ahsante, mwanangu," akasema, akasukuma sahani.

Kesho yake Somoe akapunguza maji. Ukatoka mbichi katikati na bado unanata. Maskini, alilia huku anasugua karai.

Ndipo akaja wifi yake, Bi Tabu, na begi tupu mkononi. Hakuwa mtu mbaya, ila ulimi wake ulikuwa pilipili.

"Baba asipokula leo, nafungasha nguo zake namrudisha hospitali, wakampitishie mpira puani. Na ukoo mzima utajua alishinda njaa kwako."

Somoe akaingia jikoni. Akafunua ndoo ya mchele: tupu. Kwenye friji mlikuwa na bakuli moja tu, wali mweupe uliobaki jana yake. Akalitoa, kisha akaona haya, akalisukuma nyuma ya mtungi. Alipogeuka, mzee alikuwa mlangoni, ameegemea ukuta, na Bi Tabu nyuma yake.

"Mwanangu, unaficha nini?"

"Si kitu, baba. Kiporo tu. Nataka kuwapa kuku."

"Kuku! Hebu lete." Mzee akazisugua punje kwa vidole, zikaachana. "Ndio huu! Yule mpishi alikuwa anaupika jioni, anauacha ulale upoe. Asubuhi ndipo anawasha moto."

"Sasa baba, mbona hukuniambia?"

Mzee akatazama chini. "Nianzeje kuomba kiporo kwa mkwe? Watu wangesema unanilisha makombo."

"Na mimi ningeanzaje kukupa?"

"Loo!" Bi Tabu akapiga makofi. "Heshima zenu hizi zingemzika mgonjwa!"

Karai likapata moto sawasawa. Yai likaingia, mboga zikaingia, kiporo kikafuata, na punje zikarukaruka kila moja peke yake. Mzee alikula pale pale juu ya kigoda, akakwangua sahani, akameza dawa. Wakamtazama. Dawa ikakaa. Somoe akaketi sakafuni, akashusha pumzi aliyokuwa ameibana tangu mzee atoke hospitali, na safari hii machozi yalikuwa ya raha.

Jioni, mchele mwingine umeshanunuliwa na wote wameshiba, Bi Tabu akachukua begi lake, tupu kama lilivyokuja. Akamkuta Somoe anabandika sufuria.

"Wifi, huo wali wa nani tena?"

"Wa baba, wa kesho," Somoe akajibu. "Wali wa kukaanga hupikwa jana."

Bi Tabu aliucheka usemi huo njia nzima, akausambaza mtaa mzima, ukatufikia sote.

Haya, Shaweji, mtihani wako ni lini? Wiki ijayo? Na mkono wako unatafuta nini kwenye simu? Kalete vitabu, mjukuu wangu. Wali wa kukaanga hupikwa jana.