Neno Alilolizuia Kalunde

Ngano hii aliitoa kwanza bibi yetu Nyanjige, mzaa baba, mwaka ule mvua za vuli zilipokosekana, tukiwa tumezunguka moto na viazi vimefukiwa majivuni. Naisema alivyoisema.

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Pakawa nyumba, na ndani wawili.

Hapo kale, kulikuwa na nchi ambako mtu akifa, mwili ulikwenda udongoni na pumzi ikaenda na upepo. Lakini roho haikuondoka mpaka yule aliyempenda kuliko wote amwite “marehemu.” Asipomwita hivyo, roho iliuinua mwili kaburini na kuurudisha nyumbani.

Kalunde alimzika mumewe Lugembe asubuhi. Watu wakalia, wakasema marehemu, marehemu. Yeye akafumba mdomo. Aliporudi, akamkuta Lugembe jikoni, udongo mabegani, anapuliza moto. Akapuliza, akapuliza, akapuliza. Moto haukuwaka.

“Kalunde, niite ninavyostahili kuitwa.”

“Lugembe.”

“Sivyo.”

Akampakulia ugali. Tonge likakaa mdomoni, halikushuka.

“Kalunde, niite ninavyostahili kuitwa.”

“Mume wangu.”

“Sivyo.”

Akamtandikia mkeka. Lugembe akalala macho wazi, yakiangalia paa mpaka kukacha.

“Kalunde, niite ninavyostahili kuitwa.”

“Mwenye nyumba wangu.”

“Sivyo.”

Kalunde akatoka kwenda kumfungulia mbuzi. Mbuzi akamwambia, “Mama, huyo wako ana kasoro. Zamani nikimlamba mkono napata chumvi. Jana aliporudi nilimlamba weee, kama nalamba mtungi!”

“Nyamaza, mlafi wewe. Umeshiba majani yake.”

“Majani nimeshiba. Yeye je, ameshiba nini?”

Kalunde akamfungua kamba. Akarudi ndani, akaketi karibu na mumewe, akamshika mkono.

“Kwani hapa kwangu kuna ubaya gani?” akauliza.

“Hakuna,” akasema Lugembe. “Ila niko kando yako, na hamu yako hainiishi. Nakutazama kama mtu aliye ng’ambo ya mto. Neno lile lina rehema ndani yake, mke wangu. Unaninyima.”

“Nikilisema nitabaki na nani?”

Lugembe akaubana mkono wake. Alimwonea huruma.

Mara sauti ikaita mlangoni. “Hodi! Hodi! Hodi wenyewe!” Alikuwa mpita njia, mgeni kabisa. “Samahani, mama. Hapa ndipo kwa Lugembe?”

Kalunde akamtazama mumewe. Akamtazama sana. Kisha akasema, polepole:

“Karibu, baba. Hapa ni kwa marehemu Lugembe.”

Mkono ukalegea ndani ya mkono wake. Macho yakafumba.

Mgeni akavua kofia. “Pole sana, mama. Alifariki lini?”

“Sasa hivi,” akasema Kalunde.

Ngano yangu inakomea kwenye kizingiti hicho. Bibi Nyanjige hayupo tena, na wadogo zake hawapo. Kati ya waliomsikiliza jioni ile, tulio hai ni dada yangu Holo na mimi.