Mwandoe, Aliyefungiwa Maji na Mkawasi

Sogeeni, watu wa Mlaghe, na walio nyuma wapisheni wapate kusikia, maana neno hili ni la wote. Zamani zile, mlima wetu ulipokuwa na koo tatu na chemchemi moja tu, alizaliwa Mwandoe mwana wa Kirigha, mwana wa Mwachofi aliyetoka upande wa mawio na mkewe na mbuzi wawili. Ndiye tunayemwita Bega la Mwamba, kwa sababu alimvusha korongoni ng'ombe mgonjwa akiwa amembeba shingoni, na alipomtua ng'ombe yule alikuwa bado anacheua.

Ikaja miaka mitatu bila mvua. Chemchemi ikawa inatoa maji kidogo, na koo zetu zikaanza kuyafuata kwa mapanga. Siku ndugu wawili walipokatwa mbele ya mama yao, Mwandoe aliingia katikati ya wapiganaji, akawanyang'anya mapanga kumi na manne, akayakunja gotini moja baada ya jingine mpaka uwanja ukanyamaza.

Akasema, "Kuanzia leo hakuna atakayeyafuata maji haya. Yatateremka yenyewe mpaka kwenye kila mlango. Kesho naanza kuchimba. Anayetaka aje, na asiyetaka atakunywa vilevile."

Siku ya kwanza alichimba na mkewe peke yao, watu wakiwatazama kwa mbali. Siku ya tatu wakaja wanawake wa ukoo wa bondeni na majembe yao, na kabla mwezi haujaisha mlima mzima ulikuwa mferejini. Mwandoe hakuamrisha kutoka pembeni. Palipokuwa na tope ndipo aliposimama, na chakula kilipogawanywa alikuwa wa mwisho kunyoosha mkono. Walipofika kwenye jabali lililoziba njia, waliliwashia moto siku nne, wakalimwagia maji baridi, nalo likapasuka kwa mlio uliowafukuza nyani msituni. Yeye akavibeba vipande ambavyo watu sita hawakuweza kuvitikisa. Mwezi wa nane maji yakafika bondeni, na wazee wakayanawa huku wakilia.

Ndipo wakapanga zamu, kila ukoo na siku zake. Kuzisimamia zamu hizo Mwandoe alimteua Mkawasi, mjane asiye na watoto wala ndugu, mwembamba, mwenye sauti ndogo. Watu wa ukoo wa Mwandoe walinung'unika, lakini nani angebishana na Bega la Mwamba?

Mwaka wa pili jua likarudi kali. Mtama wa Mwandoe ulikuwa umeanza kutoa masuke, nao ukanyauka. Aliuvumilia siku mbili. Siku ya tatu, mchana kweupe, akaenda kwenye mlango wa maji ulioziba tawi lake la mfereji, akaung'oa, na maji ya watu wa bondeni yakageukia shambani kwake.

Mkawasi alikuja na jembe begani. Nyuma yake walikuja watu wa bondeni, na juu ya ukingo wakakusanyika watu wa ukoo wa Mwandoe, wameshika fimbo.

"Mwandoe," alisema yule mjane, "leo si zamu yako."

"Mtama wangu unakufa, mama."

"Nauona. Na wa kwao unakufa."

"Nani aliuchimba mfereji huu?"

"Wewe baba, nasi tukiwa nyuma yako. Na siku ile ulisema maji yatafika kila mlango. Kama neno hilo umelibadilisha, waambie hawa wote wasikie, nami nitaweka jembe chini niende zangu."

Akainama mbele ya miguu yake, akaanza kuuziba mlango kwa tope na magome ya mgomba.

Enyi watu, hapo ndipo Mlaghe ilipokuwa karibu kufa. Damu ilimpanda Mwandoe kichwani. Aliitazama mikono yake iliyobeba vipande vya jabali, akautazama mgongo wa yule mwanamke, na akajua kwamba akimsukuma kwa kidole kimoja tu, fimbo zitashuka, na kesho yake mapanga yatanolewa upya. Aibu ikamshika kuliko alivyowahi kushikwa na hofu. Akapiga magoti topeni, akaziba upande ambao mikono ya Mkawasi haikuufikia.

Kisha akasimama, akatangaza: "Nimeiba zamu ya watu. Mkawasi, nihukumu kama ungemhukumu mtu yeyote."

Mkawasi akamhukumu azoe mchanga mferejini mwezi mzima. Naye akauzoa. Mtama wake ukakauka wote, na mwaka ule nyumba yake ilikula nafaka iliyoletwa na watu wa bondeni, wala hakuna aliyewatuma.

Mwandoe aliongoza mpaka mabega yake yalipoinama. Hapo akashika mkongojo, akaanzia nyumba ya juu kabisa, akateremka mlango kwa mlango akiuliza, "Katika kuongoza kwangu, nilikukosea nini?" Siku saba aliuliza, siku saba alisikiliza, na alipokosa aliomba radhi. Katika nyumba ya mwisho bibi kizee Wughanga alimwambia, "Ulimfokea mume wangu mbele ya wanawe. Amekufa na neno hilo moyoni." Mwandoe akaomba aonyeshwe kaburi, akakaa hapo mpaka alasiri. Kisha akashika njia ya nyikani, na hakuna aliyemwona tena. Waliofuata nyayo zake walizikuta zimekoma mchangani, pale maji ya mfereji yanapozama ardhini.

Tangu hapo hakuna kiongozi wa Mlaghe anayeuacha uongozi kabla hajateremka mlango kwa mlango na swali lile. Mwaluma, aliyeketi hapa mbele yenu, ametuongoza miaka tisa. Kesho asubuhi atabisha hodi nyumba ya kwanza. Mkaribisheni, mpeni kiti, na mwambieni kweli.