Jumamosi Kitaluni

Mtu mmoja alikuwa na nyumba mpya Morogoro na mama mzee Tukuyu. Jina lake Anyosisye. Baba yake alipofariki, alimfuata mama huyo, Bibi Tusekile, akamleta akae naye, kwa sababu alimpenda. Alimpa chumba chenye feni na kitanda kizuri. Uani akatandaza matofali, asije akateleza kwenye matope. Bibi aliomba kipande kidogo cha ardhi apande maboga. Mwanawe akakataa kwa upole: amelima miaka sitini, sasa apumzike.

Anyosisye alipenda bustani. Kila Jumamosi alikwenda kwenye kitalu cha miche kando ya barabara kuu, akarudi na maua yaliyokwisha kuchanua, akayapanga barazani. Bibi alikaa katikati ya maua hayo, mikono mapajani, akisema kidogo na kula kidogo.

Jumamosi moja walikwenda wote. Mwenye kitalu, mwanamke aitwaye Zamoyoni, alikuwa akijaza udongo kwenye viriba, vile vifuko vya plastiki vya kuoteshea miche. Bibi hakungoja kukaribishwa. Alikunja mikono ya gauni, akachuchumaa, akaanza kujaza naye. Wakazungumza habari za mbolea, za wajukuu, za waume waliotangulia. Bibi akacheka hata akafuta machozi. Anyosisye alikuwa hajasikia kicheko kile tangu msiba.

Lakini wapita njia walikuwa wakitazama, na mmoja wao alikuwa mfanyakazi mwenzake Anyosisye. Mwana akaona haya. Watasema amemleta mama yake mjini kufanya vibarua barabarani. Akamwinua, akamnawisha mikono, akamrudisha nyumbani.

Jumamosi iliyofuata Bibi aliamka mapema, akajifunga kitambaa kichwani, akakaa mlangoni. Mwanawe akamwambia jua ni kali. Jumamosi ya pili akajifunga tena. Ya tatu hakutoka chumbani.

Masika yalipoanza, aliacha kula. Daktari alimpima, asione ugonjwa. Akafa taratibu, kwenye shuka safi, na majirani wakamsifu mwanawe kwa jinsi alivyomtunza.

Baada ya arobaini, Anyosisye alikwenda kutafuta mche wa kupanda kaburini. Zamoyoni alimpokea huku akichungulia ndani ya gari.

"Mama umemwacha wapi?" akauliza. "Nilimnunulia kigoda. Kila Jumamosi nakitoa nje, jioni nakirudisha ndani."

 Anyosisye akakaa chini palepale kwenye udongo, na suruali yake ya kazini, akalia mbele ya watu wote waliokuwa wakipita.

Wewe unayenisikiliza, mzee aliye nyumbani kwako anaishi, au umemhifadhi tu?